Mkono wa Konsolata na Pembe ya Senge

Nyinyi mnaoanza uuguzi sasa, mkiletewa mtu aliyevimba mkono mmoja, anzeni kwa kuangalia ule mwingine. Jambo rahisi hivi, na bado nimeona likiwashinda watu wazima. Mgonjwa ananyoosha mkono mnene, nanyi nyote mnauinamia huo huo, mnaubonyeza, mnaguna, huku ule mzima umekaa pale unangoja kuulizwa. Ule mzima ndio unaojua huu mwingine ulikuwaje zamani. Basi iwekeni yote miwili mezani, vueni saa, vueni pete, kunjeni nguo hadi begani, halafu tulieni mwangalie.

"Tulia uangalie" ni maneno ya Sista Njambi, metroni wetu katika kliniki ya kwanza niliyofanya kazi hapa Eastlands. Alikuwa mama mfupi kutoka upande wa Murang'a, kofia yake imepigwa pasi mpaka inaogopesha, na sauti yake ilitufikia kabla ya viatu vyake. Mimi nilikuwa msichana wa mtaa wa Ziwani, binti wa mfanyakazi wa reli kutoka Bungoma, na nilidhani uuguzi ni kukimbia huku na huku na trei. Sista Njambi alinishika bega siku ya kwanza akaniuliza, "Nekesa, unakimbia, umeona nini?" Sikuwa nimeona kitu. Nimemkumbuka mara nyingi tangu nistaafu, nikiwa nimekaa hapa mlangoni na miguu yangu juu ya kigoda, watu wakipita na kuniita "Sista!" kana kwamba bado nina sindano mfukoni.

Yeye ndiye aliyenifundisha kufinya kidole. Msicheke. Shika ngozi ya juu ya kidole cha kati cha mkono, au kidole cha pili cha mguu, pale kinapoanzia, ujaribu kuiinua. Kwa mtu mzima inainuka kama kitambaa. Ikikataa kuinuka, ikiwa nene na ngumu, basi uvimbe huo ni wa limfu, wala usipoteze muda kubishana. Ila ikikubali kuinuka usimfukuze mgonjwa, kwa sababu uvimbe huu ukiwa bado mchanga hujificha. Unakuja jioni, asubuhi umekwenda. Ukiubonyeza unaacha shimo. Mgonjwa mwenyewe anakwambia tu kwamba mkono ni mzito, au pete imeanza kumkaba.

Limfu ni maji mengine ya mwili, mbali na damu. Yana vimfereji vyake, na vimfereji hivyo hupitia kwenye matezi, yale ya kwapani, ya shingoni na ya kinena. Mama akitolewa titi kwa ajili ya saratani, mara nyingi na matezi ya kwapani huondolewa, au huchomwa na mionzi, na maji ya mkono ule yanakosa njia. Pengine yatajaa mwezi ule ule. Pengine yatangoja miaka, mama ameshasahau habari za hospitali, ndipo yaje. Waliokaa ploti, vyumba vingi vya kupanga kwenye ua mmoja, wanajua mtaro ukiziba inakuwaje. Hakuna mwenye akili anayeanza kusukuma maji kutoka nyuma, kwenye mabomba ya kufulia. Unaanza mbele, pale maji yanapotokea nje, unafungua njia, kisha unarudi nyuma polepole. Hata kukanda mkono huu ni hivyo hivyo. Unaanza shingoni na begani, halafu juu ya kiwiko, na vidole vinakuwa vya mwisho.

Na mnakanda kwa wepesi! Hapo ndipo niliponyanyasika. Sista Njambi alikuwa akitupa mkono wake mwenyewe tufanyie mazoezi, na ukibonyeza mpaka akahisi nyama, anakupiga kofi la kiganja. "Nekesa, hapa hupiki ugali! Sogeza ngozi, wacha nyama!" Sisi watu wa magharibi tumezoea kusonga, tutafanyaje? Nilipigwa makofi mpaka nikajua.

Enzi zile kulikuwa na mambo mengi tuliyoyafanya ambayo leo mtayacheka. Sehemu nyingi kila aliyevimba alipewa vidonge vya kukojoa. Mama wa watu anameza, anapanga foleni kwenye choo cha ploti pamoja na majirani waliokasirika, anarudi wiki inayofuata amekonda uso na mkono uko pale pale. Vidonge vile havifungui mfereji uliokatwa. Vilevile tuliwaambia wasifanye kazi kabisa, walale na mkono juu ya mto kama mgeni wa heshima. Siku hizi tunajua kwamba mkono ukifungwa vizuri na ukatumika, misuli yenyewe inasukuma maji. Nilifurahi kuishi mpaka nikaona fundisho hilo likigeuka, maana kina mama wa Eastlands hawakuwa wakilala hata tukiwaambia.

Kuhusu kufunga, soksi zile maalumu za mkono hazikuwa zikipatikana kirahisi. Tulifunga kwa pamba na bendeji, tukibana zaidi upande wa vidole na kulegeza kadiri tunavyopanda. Wengine walikwenda Gikomba kutafuta soksi ndefu za hospitali kwenye marobota ya mitumba. Nilikuwa na rafiki muuza soksi pale, Mama Kevo, aliyekuwa akiniwekea kando zile za rangi ya uji ambazo hakuna msichana angekubali kuvaa. "Sista, zako za kizee zimefika," ananipigia kelele, watu wote wa mikokoteni wanageuka. Lakini nilikataa nyingi kuliko nilizochukua. Mpira wa mtumba huwa umechoka, na hujui soksi ilishonwa kwa mguu wa nani. Mama mmoja alikata soksi ya mguu akaigeuza kuwa ya mkono, ule ukingo uliokatwa ukajikunja juu ukawa kamba, na mkono ukavimba maradufu chini yake. Kitu kikijikunja, kivue, hata kama kimetoka ng'ambo.

Sasa niwaambie habari za Konsolata, kwa sababu ndiye ninayemkumbuka kuliko wote.

Konsolata alikuwa fundi cherehani hapa mtaani, mama wa makamo, mcheshi, soprano katika kwaya yetu. Sare zote za kina mama wa kanisa alizishona yeye. Alikuwa ametolewa titi la kulia miaka kadhaa nyuma, akapona, tukamshukuru Mungu kwa sherehe na soda. Jumapili moja kwaya imesimama mbele, sare za kitenge zimefanana, nami nimekaa benchi la pili nikitulia na kuangalia kama nilivyofundishwa. Nikaona sare ya Konsolata ina kipande cha ziada kimeshonewa chini ya kwapa la kulia, hadi karibu na kifundo cha mkono. Kilikuwa kimeshonwa kwa ustadi, maua yamekutana na maua. Kushoto hakikuwepo.

Wanasema kinyozi hajinyoi, lakini fundi hujipima mwenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwanamke mwingine mkono ukimvimba, gauni lingembana, angelalamika kwa fundi, fundi angesema, na sisi tungesikia. Konsolata gauni likimbana alilifumua na kuongeza kitambaa. Likibana tena, anaongeza tena. Mtaa mzima ulikuwa ukivaa kazi ya mikono yake na hakuna aliyejua mmoja wao unaharibika.

Nilimfuata nyumbani baada ya ibada. Alinipa chai, akazungumza habari za kila mtu isipokuwa yeye.

"Konso, vua hiyo sweta nione mkono," nikamwambia.

"Sista, si ni baridi tu."

"Baridi ya mkono mmoja?"

Alicheka, kisha akaanza kulia. Aliamini saratani imerudi. Alikuwa ameamini hivyo muda mrefu, peke yake, na hakutaka mtu amtamkie. Nilifinya kidole chake, ngozi ikakataa. Nikamweleza kwamba kwanza daktari lazima ahakikishe saratani haijarudi kweli na damu haijaganda kwenye mshipa, lakini kwa macho yangu huu ni uvimbe wa limfu, na watu huishi nao wakifanya kazi zao. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kesi imefutwa. Kilichokuwa kikimtisha zaidi sasa ni mkasi. Vidole vilikuwa vimeanza kukataa kuingia kwenye matundu ya mkasi wake wa kukatia, na bila mkasi huo nyumba ile haina fundi.

Daktari alimwona wiki hiyo, akakubaliana nami, akasema saratani haionekani. Tukapanga kuanza kumfunga wiki inayofuata. Lakini mtu akishatoa siri yake mara moja huitoa kwa wengi, na Konsolata kwa furaha akampigia simu kaka yake kule Bungoma. Kaka akamwambia shangazi yao. Jumamosi shangazi akawa ameshuka Nairobi.

Jina lake Nasimiyu. Sote tulimwita senge, kama tunavyowaita dada za baba zetu. Alikuwa mama mrefu mwenye mikono mipana, na kwao aliheshimika kwa kuumika. Wasiojua, kuumika ni hivi: anachanja chale ndogo ndogo kwa wembe pale palipovimba, anaweka pembe ya ng'ombe, anafyonza damu chafu, kisha anapaka majivu ya dawa. Amefanya hivyo maisha yake yote, na nyanya yake kabla yake. Mpwa wake amevimba, yeye ana pembe, angekaaje nyumbani? Hakuna aliyeniita. Mtu hamwambii senge kwamba amefika mapema.

Jumapili kabla sijavua viatu vya kanisani, Brenda, binti wa Konsolata, aligonga mlango wangu. Ni msichana aliyekuwa akiuza vitambaa katika duka moja Eastleigh, si mtu wa kubabaika.

"Sista, kam uone mathe. Anatetemeka mbaya. Mkono imekuwa red mpaka huku juu, imeshika moto, si mchezo."

"Tangu lini?"

"Asubuhi alisema tu ni baridi. Saa hii hata hajui ni nani ameingia."

Niliyoyakuta sitayasahau. Mkono umeng'aa kwa wekundu, joto lake unalisikia kabla hujaugusa, na chale zimepangwa vizuri kutoka kifundoni hadi kiwikoni, zimejaa majivu. Senge alikuwa kwenye kigoda, pembe imefungwa kitambaa mapajani. Nilitaka kufoka. Maneno yalikuwa yamefika mdomoni, tena makali. Nikamwangalia yule mama mzee nikaona anafunga na kufungua kile kitambaa cha pembe, nikayameza.

"Senge, tunaenda hospitali sasa hivi. Shika blanketi."

Wanangu, hili likaririni hata mkilala. Mkono au mguu wa limfu ukiwa mwekundu na moto, mgonjwa akatetemeka, usiukande, ufungue bendeji kama ipo, na usingoje kesho. Anahitaji dawa za kuua bakteria mara moja, la sivyo sumu inaingia kwenye damu. Jirani alitupatia gari. Kule hospitali nilisimama kati ya mkono ule na kila aliyekuja na sindano. "Dripu kushoto. Presha kushoto. Huu wa kulia hauguswi." Daktari kijana aliniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni wa kushoto. Akacheka, akafanya hivyo.

Kwa siku chache hatukujua kama Konsolata atabaki. Brenda hakurudi dukani. Mume wa Konsolata, mtu mkimya anayefanya kazi ya ofisi mjini, alikuwa akija wodini na mkoba wake, anakaa bila kuufungua. Na kule kwenye ploti maneno yalianza. Kaka mtu alimtukana senge kwa simu mpaka majirani wakasikia. Mmoja akasema mchawi. Mnajua neno hilo likishatoka halirudi ndani.

Konsolata alipoanza kunywa uji nilikwenda nyumbani kwao kuwapa habari. Nikamkuta senge anafunga mzigo.

"Unaenda wapi, senge?"

"Narudi kwangu. Nimeua mtoto wa ndugu yangu."

"Hajafa. Amekunywa uji leo, na amelalamika hauna sukari."

Alikaa kitandani kwa nguvu, akajifunika uso na kitambaa. Nilikaa kando yake. Kisha nikafungua vifungo vya juu vya blauzi yangu nikamwonyesha kifua changu. Nina chale hapo, za nyanya yangu, alizonichanja nilipobanwa na kifua nikiwa mdogo.

"Mimi pia ni wa chale," nikamwambia. "Nyanya alinipenda, na sijawahi kumlaumu. Lakini mkono wa Konso si kama kifua changu. Yale matezi ya kwapa ndiyo askari wa mkono, na kule hospitali waliyatoa. Ukifungua mlango kidogo tu, mwizi anaingia na hakuna wa kumshika."

"Hakuna aliyeniambia wametoa."

"Najua."

"Sasa mimi ni wa nini hapa? Hata chai yangu hawataki kunywa."

"Nataka mikono yako. Brenda ni mtu wa kazi, baba yake ni mtu wa kazi. Nani atauosha mkono ule kila asubuhi, aukaushe hata katikati ya vidole, aupake mafuta, aufunge?"

Alivigeuza viganja vyake juu. "Mikono hii haijui kitu laini," akasema. Lakini alianza kutoa nguo zake kwenye mfuko.

Wekundu ulipokwisha kabisa ndipo tulipoanza, na kazi ya kumfundisha ilikuwa kichekesho na mateso. Alikuwa akikanda kama anafukuza jini. Mimi siwezi kumpiga kofi mtu wa umri wa mama yangu, kwa hiyo nilimpa Konsolata ruhusa ya kupiga kelele. "Senge, ugali!" anapaza sauti, na senge anaacha mkono kana kwamba umemuunguza. Polepole akajua. Alijua kuliko wauguzi wengi niliofanya nao kazi, kwa sababu hakuwa na haraka. Aliamka, akasali, akauliza mkono umelalaje. Alikagua kila mkwaruzo wa sindano ya cherehani. Kupima tulitumia utepe wa Konsolata mwenyewe, mahali pale pale kila mara, kifundoni, katikati, juu ya kiwiko, kwa sababu macho hudanganya na mgonjwa hutaka kudanganywa.

Majirani walipita mlangoni wakamwona yule waliyemwita mchawi amepiga magoti, amekishika kiganja cha mpwa wake, anaviringisha bendeji kidole kwa kidole. Mmoja akaingia kusalimia. Kesho yake akaja na maziwa. Hakuna aliyeomba msamaha kwa maneno, wala sikutarajia.

Mkono haukuwa sawa na mwenzake tena, na msimwahidi mgonjwa yeyote kwamba utakuwa. Ulipungua, ukalainika, ngozi ikaanza kukubali kuinuka. Siku Konsolata alipoingiza vidole kwenye matundu ya mkasi na kukata gauni la mtu akiwa amefungwa bendeji, alikata vibaya kwa sababu ya machozi, ikabidi anunue kitambaa kingine. Nikifikiria miaka yangu yote ya kazi, chumba kile chenye mlio wa cherehani na harufu ya mafuta ya ngozi ndicho ninachokikumbuka kwa hamu zaidi. Natamani ningekaa pale tena asubuhi moja, nikinywa ile chai ya senge iliyokuwa na maziwa mengi mno.

Senge alikaa mpaka Brenda na baba yake wakajua kufunga. Siku ya kuondoka tulimsindikiza hadi kwenye basi la Bungoma. Konsolata alikwenda kumnunulia mkate wa njiani, na senge akanivuta kando.

"Nekesa, zile bendeji, naweza kupata nyingi?"

"Ninazo kwenye mkoba. Za Konso zimeisha?"

"Si za Konso." Aliangalia chini. "Kule kwetu kuna mguu wa Mama Wafula. Kuna mguu wa Nabwile. Kuna mwalimu mmoja alitolewa titi kama Konso. Wote nawachanja mimi. Wananingoja, wanasema senge akirudi atatuumika."

Nikafungua mkoba nikampa zote, na pamba, na mafuta, nikamwambia awapeleke kwanza kwa daktari, na akishindwa anipigie simu saa yoyote. Nikamuuliza ataanza na nani, nikidhani atamtaja mwalimu.

"Kuna mwingine niliyemchanja, akafa," akasema senge. "Alitetemeka hivyo hivyo, nikawaambia ni malaria. Nitaenda kwa watoto wake kwanza."